Wasia Wangu Ulimharibia Mjukuu Masomo ya Uhandisi, na Sasa Naombwa Niutoe Tena

Msimamizi wa ukurasa, niwie radhi. Uliniandikia zaidi ya mwezi uliopita kuniuliza kama uko huru kukitoa kisa nilichokutumia, nami sikukujibu. Haikuwa dharau, nilikuwa naona haya. Sasa kitoe, pamoja na yaliyozuka wiki hii, ila jina langu lifiche.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa hisabati, mkazi wa Pangani. Hapa mtaani kijana akipata nafasi ya chuo husomewa dua nyumbani kwao, na mtu mzima mmoja humpa wasia mbele ya majirani. Kwa miaka mingi mtu huyo nimekuwa mimi.

Miaka miwili iliyopita ilikuwa zamu ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Nitamwita Idi, ingawa silo jina lake. Alikuwa amefaulu vizuri sana, akachaguliwa kusomea uhandisi wa mitambo. Nilisimama nikamwambia yale niliyoyashika mwenyewe tangu nikiwa mwanafunzi: asimsumbue mwalimu kwa maswali, kwa kuwa kuuliza ni dalili ya kutosoma, asikae kwenye vikundi vya majadiliano, kwa kuwa ni baraza za porojo, akikwama, asome tena. Watu waliitikia, na jirani mmoja alinirekodi kwenye simu yake.

Wiki ya tatu Idi alinipigia. Alisema kuna somo moja halielewi kabisa, na wenzake hukutana jioni kulifanyia maswali pamoja. Nikamwambia asome tena. Alipiga mara ya pili, kisha ya tatu. Mara ya tatu nilimkemea, nikamuuliza kama amekwenda chuoni kusoma au kulelewa. Hakupiga tena, nami nikadhani ameelewa.

Alifeli masomo manne, akafeli na mitihani ya marudio, akaondolewa. Vijana wenyewe huita kudisko. Alirudi na begi lake, akakaa mkekani mbele yangu. Hakulia wala hakunilaumu.

"Babu, nilisoma tena," alisema. "Ukurasa ulionikwamisha naujua kwa moyo mpaka leo. Ila sijui unasema nini."

Mama yake ndiye aliyetaka tufiche. Sasa Idi anachomelea mageti kwa fundi mmoja Tanga mjini, na akija Pangani kwa sikukuu hubeba begi lililojaa vitabu ili majirani waone. Msikitini watu humtania: "Injinia, ukimaliza utuangalizie na pampu yetu ya kisima." Yeye hucheka nao, kisha akifika nyumbani hali chakula. Amekonda mno. Nami, niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo, nikiulizwa hujibu kwamba anaendelea vizuri.

Juzi alikuja binti wa yule jirani aliyenirekodi. Amechaguliwa kusomea uhandisi wa ujenzi, na baba yake anataka nitoe wasia Jumamosi hii. Aliniamkia, akaniambia kwa furaha kwamba maneno yangu ya siku ile anayajua yote, maana baba yake humsikilizisha. Nikamwambia ayaache. Nikamwambia aulize tangu siku ya kwanza, hata swali analoliona la kijinga. Amfuate mwalimu ofisini. Awe na wenzake wa kufanya nao maswali. Na akikwama wiki hii asingoje wiki ijayo, kwa sababu katika uhandisi somo la leo husimama juu ya la jana.

Alicheka. "Mwalimu, unanipima," alisema. "Mbona Idi alishika yale ya mwanzo, na sasa anaingia mwaka wa tatu?"

Nilimweleza binti yangu kwamba nataka kusema kweli. "Baba, ulimwangusha mbele ya vitabu vyake," alisema. "Usimwangushe tena mbele ya watu." Nilimpigia Idi mwenyewe. Alisema nifanye nipendavyo, akakata. Tangu hapo simu yake haipatikani, na fundi wake anasema leo hakufika kazini.

Nikikataa kusimama, yule binti ataondoka na sauti yangu ya zamani. Nikisema maneno mapya bila kutoa sababu, hataniamini. Nikitoa sababu, namvua nguo mjukuu wangu mbele ya mtaa mzima, naye hali yake ndiyo hiyo. Kumwambia binti pembeni ni sawa na kutangaza, kwani hana analomficha baba yake, na baba huyo hana analoufichia mtaa.

Nyinyi mliosoma uhandisi, nanyi mliozaa, nishaurini: nifanye nini? Msinionee huruma kwa sababu ya umri. Dua ni Jumamosi baada ya Alasiri. Nikishaamua nitawaandikia hapahapa, niwaeleze ni yupi kati ya watoto hawa wawili niliyemwacha.