Sala ya Fizi

Juzi, nikisubiri kwa daktari wa meno hapa Tukuyu, nilimsikia bibi mmoja wa Mpuguso akitaka meno yake yaliyolegea yang'olewe yote.

"Tusiharakishe, bibi," daktari akasema. "Seli za fizi zako zina vipokezi. Vikigundua vijidudu, vinaita kinga ya mwili. Sasa kinga inaitwa kila siku, inakula hadi mfupa. Tuondoe uchafu kwanza."

Bibi akashika shavu. "Kumbe wanaonila ni walinzi wangu mwenyewe? Sasa mwanangu, nimwombe Mungu awafukuze au awatie nguvu?"

Daktari akaanza kuandaa vifaa. Bibi akanigeukia mimi niliyeketi karibu na Biblia mapajani. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kama msomi, kumbe sikuelewa; nikaona aibu.

Alikubali kusafishwa, meno yakabaki. Mimi nilimwahidi sala. Msomaji unayeelewa, tafadhali niambie niombe nini.