Siku Maji ya Kalimabenge Yalipopungua

Wiki iliyopita wanangu wawili walinibana niwapeleke kutembea kwenye korongo la mto Kalimabenge hapa kwetu Uvira, kule juu unakotokea milimani. Nilikubali kwa mdomo tu, moyoni sikutaka. Wao hawajui kwa nini, basi acha nikusimulie wewe.

Utotoni mwangu hiyo ndiyo ilikuwa raha yetu ya Jumatatu ya Pasaka. Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alifunga mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga, tunaowaita ndagala, ndani ya majani ya mgomba, akatutanguliza mimi na mdogo wangu wa kike. Tulipanda tukiruka mawe, maji ya baridi yakitukata vifundoni. Lakini kula, tulikula juu ukingoni, kamwe si chini kando ya maji. Hapo Koko hakuwa na mchezo, nasi tulimwona mwoga tu.

Mwaka mmoja, tukiwa tunakula, mto ulinyamaza. Maji yalipungua hadi vikabaki vidimbwi kati ya mawe, na samaki wadogo wakirukaruka humo. Mtoto wa Uvira akiona samaki wa bure hangoji kuitwa. Mdogo wangu alishateremka, anawakusanya ndani ya gauni lake la sikukuu.

"Toka mu mto," Koko alisema, bila kupaza sauti.

"Koko, iko samaki mingi."

"Iko kitu imefunga maji kule juu. Ikiachia, itakubeba."

Hakungoja jibu. Aliteremka kwa makalio, kitenge kikipanda magotini, akamshika mkono na kumburuta, samaki wakimwagika njiani. Mimi niliganda, muhogo mdomoni. Waliponifikia, ardhi ilikuwa inatetemeka. Maji yakapita, mekundu, yamebeba miti mizima, pale pale mdogo wangu alipokuwa amechuchumaa. Tukakimbia juu zaidi, tukajibanza katika shamba la watu, na Koko akalia huku bado amemshika.

Koko alishafariki. Mdogo wangu anaishi Bujumbura, na ukimuuliza, anakumbuka samaki tu.

Jana niliwapeleka wanangu. Maji yalikuwa maangavu, wao wakashangilia na kuvua viatu. Nikageuka kuyatafuta yale mashamba tulikojibanza siku ile. Nyumba zimepanda toka ukingoni hadi mlimani, ukuta kwa ukuta, hata kichochoro hakuna. Nikasimama nimewashika mikono wote wawili, nikisikiliza mto, nisijue tungekimbilia wapi.