Kilichomo Ndani ya Dawa ya Mama

Barua ya baladia, serikali ya mji, ililetwa dukani Jumamosi asubuhi, na niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, kwa sababu mie nikipandwa na hasira siwezi kukaa. Ilisema maduka yote ya dawa za miti mjini Ibra yatakaguliwa Jumatano, na mkaguzi wa baladia atafuatana na mtu wa afya. Kila chupa iwe na jina kwa Kiarabu, ilikotoka, na tarehe ya kuharibika. Dawa yoyote iliyochanganywa iandikwe vilivyomo, kimoja kimoja. Duka litakalokutwa na kitu kisichojulikana halitapewa rukhsa mpya.

Jumatano! Kati ya siku zote saba wamechagua ile ya suku, soko la wanawake, siku ambayo wanawake wa Ibra, wa Al Qabil na wa Bidiyah wote wanapita mbele ya mlango wangu. Waje basi. Sikuwa na cha kuficha, na kama ningekuwa nacho, nisingewaonyesha woga wangu.

Barua ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ng'ambo ya njia palikuwa na bwana mmoja mwenye duka la bizari, mtu wa hapo hapo, baba yake na babu yake wa hapo hapo. Kwa miezi mitatu alikuwa akisema kila penye kahawa kwamba sisi Wazinjibari, watu wa Unguja, tunatia bangi katika dawa ya mzazi. Ushahidi wake? Ati wanawake wakiinywa wanalala. Subhanallah! Mwanamke katoka kuzaa, kakandwa maji ya moto, kapewa uji, mtoto kashikwa na watu, kisha asilale? Huyo naye anahitaji bangi ili alale? Nilimwambia mke wake maneno hayo hayo, akacheka mpaka akajifunika uso kwa buibui. Lakini maneno ya mume yalishafika baladia. Kelele za mlango haziniwasi usingizi, ila mlango huu safari hii walikuwa wanataka kuung'oa.

Dawa yenyewe ilikuwa ya Mama. Alikuja nayo kutoka Unguja akiwa hana kitu kingine, sanduku moja na mimi mtoto wa miaka tisa. Unga wa rangi ya udongo, kijiko kimoja ndani ya uji, asubuhi na jioni, siku arubaini. Alitwanga mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa, akaleta dukani imeshachanganywa ndani ya chupa kubwa. Mimi mwanawe, niliyezaa mara nne na kuinywa mara nne, sikujua ndani mna nini.

Ndiyo ada ya wenye dawa hizo. Dawa haitajwi. Ikitajwa ovyo, nguvu yake inatoka, inabaki viungo vya mchuzi. Anayeijua anampa mtu mmoja tu, sikioni, mara moja, siku mwenye kupewa anapofunga uzazi. Bibi alimpa Mama hivyo. Na Mama angenipa mimi hivyo, na siku yangu haikuwa mbali, kwa sababu huyu wa nne nilishasema ndiye wa mwisho. Niliingojea siku hiyo zaidi kuliko nilivyoingojea harusi yangu, na sioni haya kusema.

Mume wangu alikuwa mwalimu mji wa Al Kamil, akirudi kila siku alasiri vumbi tupu. Nilipomwonyesha barua akasema, "Iondoeni hiyo chupa. Semeni hamuuzi."

"Tukiiondoa tumekiri," nikamwambia. "Kila mtu anajua iko rafu ya tatu. Siku ya ukaguzi haipo, watasema nini? Watasema ilikuwa bangi, tumeikimbiza."

Akaikunja barua, maana alijua ni kweli. Kama tungenyang'anywa rukhsa kwa jambo la bangi, si duka tu. Tungepoteza na jina. Miaka kumi na moja nilihangaika mpaka watu wa Ibra wakaacha kuniita yule Mzinjibari, wakaniita mwenye duka. Nilikuwa na binti wa kuozwa. Nani angeposa kwa watu wa bangi?

Basi tukaingia kazini. Jumapili niliteremsha chupa zote, mia na kitu, nikaziosha kwa siki. Niliweka wavu mpya dirishani, nikanunua mtungi wa kuzimia moto, nikapeleka mizani ikapimwe. Mhindi mwenye duka la mabango alinichapia majina, na kila jina tukagombana tarehe. Ubani unaharibika lini? Shabu inaharibika lini? Shabu ni jiwe, mwenzangu! Nilimwambia aandike "mpaka Kiyama," naye maskini akaandika kweli, kwa herufi nzuri kabisa. Mume wangu alipoiona alishika kichwa. "Utatufungisha wewe mwanamke." Nikaibandua, tukaweka miaka miwili, jiwe likapewa umri wake.

Ikabaki chupa moja tu isiyo na karatasi.

Jumapili hiyo hiyo usiku ulipoingia, nilimwomba Mama kwa adabu. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Dawa haitajwi, mwanangu. Unajua."

Jumatatu nikamwomba nikiwa nimempelekea samaki wa Sur aliyekuwa akimpenda. Akala samaki. Akanawa mikono. "Haitajwi."

Jumanne sikuomba. Nilipiga kelele. Nilimwambia, "Mama, hii dawa utakwenda kuzikwa nayo? Sisi tutaishi vipi? Bora duka lifungwe kuliko wewe kufungua mdomo?" Maneno mengine sitayaandika. Sikuwahi kumpandishia sauti maishani mwangu. Alichukua msala wake akaingia chumbani. Shikamoo yangu ya usiku aliiitikia kupitia mlangoni, "Marahaba," basi.

Na mimi sikuomba radhi. Nilikuwa bado nimewaka. Nikarudi dukani, nikamimina kijiko cha ile dawa juu ya sahani nyeupe, nikaigawa kwa ncha ya kisu, nikanusa, nikalamba. Mimi ni mtu wa duka la dawa, pua yangu si ya kuazima. Tangawizi, hiyo haina ubishi. Pilipili manga. Mdalasini. Habasoda, punje zake nyeusi zinaonekana. Uwatu. Nikatia karafuu, kwa sababu dawa gani ya Unguja haina karafuu? Nikatia iliki nayo, kwa kuwa nilihisi kama naisikia. Vitu saba. Nilimgongea Mhindi usiku huo huo akanichapia, nikabandika, nikaitazama ile chupa nikajiona mshindi. Ikiwa Mama hanipi, nitajipa mwenyewe.

Jumatano saa tatu walikuja wawili. Wa afya alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani na mkoba. Wa baladia alikuwa kijana, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata, na daftari mkononi. Suku ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wameketi na vitambaa vyao na manukato yao mpaka kizingitini kwangu, na wengine wakasogea karibu zaidi wasikie vizuri. Jirani wa bizari alitoka akasimama mlangoni kwake, mikono nyuma. Nilimwambia kwa sauti, "Karibu, ya jar, jirani yangu, kuna nafasi hapa mbele." Hakusogea.

Walianza juu wakashuka chini. Kila walichogusa kilikuwa na jina. Wavu, sawa. Mizani, sawa. Mtu wa afya alinusa sanamaki, akachunguza mrututu, lile jiwe la buluu lenye sumu, akauliza kwa nini ule mrututu uko mbali na vya kuliwa, nikamjibu kwa sababu mimi si mjinga. Kijana akainamisha uso kwenye daftari asionekane anacheka.

Wakafika rafu ya tatu. Mtu wa afya akaisoma karatasi yangu kwa sauti, akatoa kijaluba cha plastiki, akachota vijiko viwili.

"Hii inakwenda maabara, Maskat," akasema. "Kuna mtu amelalamika. Watapima kilichomo. Kikiwa ni hiki kilichoandikwa, khalas, rukhsa yako ndani ya wiki. Kikizidi kitu kimoja au kikipungua kimoja, karatasi ni ya uwongo, na duka linafungwa. Wewe umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Na una hakika?"

Nilitazama ile karatasi, na karafuu na iliki zangu za kubahatisha zikanitazama. Nilitaka kusema ndiyo. Wallahi nilishafungua mdomo.

"Hana hakika," sauti ikasema nyuma yangu. "Atakuwaje na hakika? Hajui."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, na leso yake ya kisutu kichwani juu ya mtandio mweusi. Asubuhi hakuwa akija dukani hata siku moja, kwa ajili ya miguu inayomuuma. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani. Wanawake walimpisha, na mmoja akamletea kiti. Hakukaa.

Kijana wa baladia akaweka daftari kifuani. "Shikamoo, bibi," akasema kwa Kiswahili. Nilishtuka.

"Marahaba. Kiswahili umekitoa wapi, weye?"

"Kwa bibi yangu, Al Qabil. Mimi najua kidogo tu. Hii dawa, bibi, iko na nini?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Kisha akatazama nje, kwa jirani wa bizari aliyesimama na mikono yake nyuma, na hapo ndipo alipopandisha sauti. Hakutumia Kiswahili. Alitumia Kiarabu chake kile cha kukwaruza, ambacho siku zote alikionea haya mbele za watu, na alikitumia kwa nguvu ili suku nzima isikie.

"Bandua hiyo karatasi. Karafuu haimo, iliki haimo. Andika! Tangawizi. Andika pilipili manga. Mdalasini. Habasoda. Uwatu, uliolowekwa ukaanikwa. Umeandika? Bizari nyembamba. Mvuje, kiasi cha punje ya mtama, nao umekaangwa kwanza. Kungumanga."

Mtu wa afya akainua kichwa. "Kungumanga kiasi gani? Ikizidi inalevya."

"Moja kwa kibaba kizima. Nyingi kuliko hiyo imo ndani ya halua uliyokula asubuhi, baba. Nimemaliza. Vitu vinane. Unayo bangi hapo kwenye daftari lako? Msomee yule bwana pale ng'ambo, masikio yake mazito. Msomee!"

Kijana wa watu akasoma. Sijui kwa nini, labda kwa ile shikamoo, labda kwa adabu ya bibi yake. Alisoma vyote vinane kwa sauti, mlangoni, na mwanamke mmoja mzee wa Bidiyah akapiga kigelegele kama vile ni harusi. Wengine wakapokea. Jirani aliingia ndani ya duka lake. La kuvunda halina ubani, nikasema, na nikasema asikie.

Wiki haikuisha. Maabara ilikuta vinane, si zaidi si pungufu. Rukhsa mpya nilikwenda kuichukua mwenyewe, nikaitundika pale ambapo mtu wa ng'ambo akinyanyua macho tu anaiona. Nilinunua halua, nikaenda nayo nyumbani alasiri, nikamkuta Mama barazani na kahawa yake. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka nacheka peke yangu njiani. Nilikuwa nimeshajijibu jambo moja, tena nililipenda jibu langu. Mwanamke kama yule, aliyeikalia siri ile miaka yote, hawezi kuitoa yote mbele ya suku. Lazima kuna njia yake ya kutwanga, kuna neno la kusomewa, kuna kitu alichokificha. Nilikaa miguuni kwake, nikamsogezea sikio.

"Haya, Mama," nikamwambia. "Wamekwenda zao. Ulibakisha nini?"

Alikunywa kahawa mpaka akamaliza kikombe.

"Sikubakisha," akasema. "Duka ulilitaka, nimekupa duka. Hiyo dawa ilikuwa yako peke yako, mwanangu. Sasa anayo yule kijana, anayo na mwenye bizari."

Sikio langu lilikuwa bado liko karibu na mdomo wake. Nikaona haya kuliondoa.