Ukungu Mnono

Miaka ile watu walipokuwa wakipanga foleni ya sukari Kariakoo, mimi nilikuwa nalisha sukari ukungu. Nilikuwa fundi wa maabara Upanga, na ukungu wenyewe tuliuchota kwenye udongo nyuma ya soko, pale palipomwagwa machungwa mabovu. Ulikuwa unatoa antibayotiki, dawa ya kuua bakteria, lakini kidogo. Bosi wangu, daktari aliyerudi kutoka Ulaya na ndevu mpya, alitaka itoke nyingi.

Akapata kichupa cha kemikali inayokuza mimea.

"Kama inakuza mgomba, itashindwaje na ukungu?" Akaimimina kama tui.

Baada ya wiki ukungu ulinenepa mpaka ukasukuma nje pamba iliyoziba mdomo wa chupa. Daktari akaalika viongozi wa chama waje kuona.

Mimi nikachukua majimaji ya ukungu ule, nikayadondoshea kwenye sahani yenye bakteria. Kesho yake bakteria walikuwa wanastawi, hawana habari. Nikaotesha ukungu mwingine kimya kimya, nikautia tone moja tu la kemikali ileile, tena nimelizimua. Ukatoka mwembamba, wa kusikitisha. Lakini majimaji yake yaliacha duara safi, lisilo na bakteria, kwenye sahani, kubwa kuliko la ukungu usiotiwa kitu.

"Daktari, ule mnono hauui chochote," nikamwambia.

"Binti, wewe umesomea kuosha chupa."

Nilikwenda kulia chooni, nikarudi na hasira.

Siku ya ugeni, katibu wa chama, mtu mwenye tumbo lake, aliipenda sana chupa ya mnono. "Huu unaua vijidudu?" akauliza. Kabla Daktari hajafungua mdomo, nikaweka sahani mbili mezani.

"Ndugu Katibu, huyu mnene amekula tu. Kazi kafanya yule mwembamba."

Katibu akalitazama tumbo lake. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

"Ndugu, unausema ukungu au unanisema mimi?"

"Ukungu, Ndugu Katibu."

Akacheka mpaka akashika meza. Daktari hakucheka. Alininunia wiki mbili, salamu zangu akizijibu kwa kikohozi.

Halafu asubuhi moja nikamkuta ameinamia sahani zangu, anapima maduara kwa rula.

"Lile tone ulilizimua mara ngapi?" akauliza bila kuniangalia.

Nikavuta stuli, nikakaa vizuri, ndipo nikamjibu.