Mama Wawili, Kadi Moja Moja

Pale dirishani siku ile tulikuwa wanne. Mimi, mke mwenzangu, tuliyeolewa naye na mume mmoja huko Ushongo mpaka Mungu akamchukua, binti yetu aliye fundi cherehani Makorora, ndiye aliyetuhamishia kwake sote wawili tulipofiwa, na karani wa bima wa hospitali, ambaye bibi yake nilimfahamu Pangani akiuza vitumbua. Majina yao ninayo yote, hata la huyo bibi wa vitumbua, lakini siyaandiki. Mambo ya hospitali ni siri za watu.

Mke mwenzangu macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alifika mahali akatia chumvi kwenye chai, na asubuhi moja akaniamkia shikamoo akidhani mimi ni mgeni. Nikaitikia marahaba, nikacheka peke yangu, kisha nikaenda uani nikalia. Basi wiki ile wakaja madaktari wa macho, na siku ile ndiyo ya mwisho kuandikisha watu wa kupasuliwa.

Karani akatusalimu vizuri, "Shikamooni bibi zangu," akapokea kadi ya mke mwenzangu, akaingiza namba kwenye kompyuta. Akamtazama yeye. Akanitazama mimi.

"Bibi, mbona picha hii ni ya mwenzio?"

Akaigeuza kadi juu chini.

"Watu wanaazimana kadi, nasi tunakemewa. Hebu nikuulize." Akamwonyesha binti yetu. "Huyu dada ndiye mkuu wa kaya. Wewe ni nani yake?"

Mke mwenzangu hakusita. "Mimi mama yake mlezi. Aliyemzaa ni huyu dada yangu."

Karani akatikisa kichwa. "Humu mwenye kadi ni mama mzazi. Picha si yako, maelezo si yako. Siwezi, bibi." Akairudisha kadi.

Nikamwangalia binti yetu, naye akaangalia sakafu. Ndipo nikajua kwamba yeye alimwandikisha kila mmoja wetu kwa kweli tupu.

Kweli yenyewe ni hii. Mimi sikujaliwa kizazi. Mke mwenzangu alipojifungua wa kwanza, siku ya arobaini alimbeba mtoto mpaka chumbani kwangu, akaniwekea mapajani. "Chukua, dada. Huyu wako." Tangu hapo mimi nikaitwa kwa jina la mtoto yule, Mama fulani, na yeye aliyemzaa akawa Ma'mdogo. Ushongo nzima ilijua, na mtoto alipokua alijua, lakini hakuna aliyewahi kulitamka mbele yangu. Mke mwenzangu ndiye aliyelilinda kuliko wote, mpaka pale dirishani, macho yake yakimpotea.

Na ile picha? Mwandikishaji wa bima alipokuja kwa balozi wetu wa nyumba kumi, aliita mama wa binti huyu akapigwe picha. Nani mwingine ainuke? Niliinuka mimi, nimejitanda khanga yangu mpya, na mwenzangu akapigwa baadaye kama mlezi.

"Mwanangu," nikamwambia karani, "huyu anasema uongo."

"Dada, nyamaza," mke mwenzangu akanivuta nguo.

"Sinyamazi. Yeye ndiye aliyezaa. Mimi nilipewa nilee. Anasema hivyo kwa kunistahi, na amenistahi miaka yote, inatosha sasa. Mpe macho yake."

Watu wa foleni wakasogea kusikiliza. Karani akampigia simu mwandikishaji, akaweka sauti nje. "Aa, nawakumbuka hao! Niliita mama wa yule binti, akainuka yule mnene."

"Mnene ni nani?" nikauliza, na foleni nzima ikacheka, hata mke mwenzangu.

Karani akampiga picha upya palepale, akairekebisha na kadi ya kwangu. Kisha akaniuliza, "Na wewe, bibi, nikuache mlezi?"

Kabla sijajibu binti yetu akasema, "Mwandike mama."

"Dada, humu ni mzazi au mlezi, hakuna mama mtupu."

"Basi andika unavyoweza." Akanishika mkono. "Mama, twende, Ma'mdogo anaitwa ndani." Kama alivyoniita siku zote, wala sauti haikubadilika.

Bandeji ya jicho la kwanza ilipofunguliwa, mke mwenzangu alinitazama muda mrefu sana.

"Dada! Kumbe umezeeka hivi?"

"Na wewe ulidhani unalala chumba kimoja na msichana?"

Nimeandika ninavyokumbuka, na mimi niliishia darasa la nne. Nadhani lilianza jicho la kulia, lakini siapi. Wala sina hakika kama khanga ile ilikuwa mpya. Mliokuwepo, nilipokosea nisahihisheni. Daftari hili namkabidhi kwanza mke mwenzangu, alipitie ukurasa kwa ukurasa, na peni nampa.