Mwambie Arudishe Maneno Yangu

Nakumbuka siku moja, nikiwa mwanafunzi wa uzamivu huko Ulaya, nilisoma maneno ya shangazi yangu kwenye kompyuta nikahisi kama nimezabwa kofi. Mwanangu, wewe unayefunga mizigo kwenda kusoma huko huko, kaa kidogo unisikilize. Mimi si mzee wa kutembelea mkongojo. Lakini hasira ya siku ile nimeishi nayo miaka mingi, na bado ina moto.

Shangazi Daforoza, dada yake baba, alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni. Litapunga, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, ndipo alipokulia. Hapo aliolewa, akazaa, akamzika mume wake, akalima mahindi na tumbaku mpaka viganja vikawa kama magome. Alipopata uraia wa Tanzania alishonesha gauni jipya akaingia nalo kanisani, watu wote wageuke. Ukimwita mkimbizi, alikuwa anakuacha umesimama uani, hata kiti hakupi.

Profesa aliyenisimamia alikuwa akitafiti habari za wakimbizi. Kwa kuwa mimi najua Kirundi na Kiswahili, akanifanya mkalimani wake, tukaja naye Litapunga wakati wa kiangazi. Shangazi alitupikia ugali wa muhogo na maharage, akajibu kila swali kwa subira.

"Muulize kama anakumbuka kwao," Profesa akasema.

Nikamuuliza. Shangazi akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga swali lile.

"Kwetu wapi? Kwetu ni hapa. Huko nilikozaliwa nakumbuka mvua tu, na mgongo wa mama. Mwambie hivyo hivyo, usimchanganyie."

Nikamwambia hivyo hivyo. Profesa akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Tuliporudi Ulaya alinitumia makala yake nisome kabla haijachapishwa. Mle ndani kulikuwa na mama mkimbizi wa Litapunga, eti kila mvua ikinyesha moyo wake unarudi Burundi, eti hapa amekaa tu lakini hajawahi kufika. Maneno hayo yamefungwa kwenye alama za kunukuu, kama vile yametoka kinywani mwake. Na chini yake kumeandikwa jina langu, kwamba mimi ndiye niliyetafsiri.

Nikaenda ofisini kwake bila hata kuvaa koti.

"Profesa, haya shangazi yangu hakuyasema."

Akatabasamu. "Ni suala la lugha tu. Nimeyaweka vizuri ili msomaji wa huku aelewe."

"Aelewe nini? Amesema kwao ni Litapunga."

"Watu kama hawa mara nyingi hawawezi kueleza wanachohisi," akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Na wewe uko karibu nao mno. Ni watu wako."

Mwanangu, dharau ndogo ndogo za nchi ile nilikuwa nimeshazizoea. Palikuwa na jirani ambaye kila tukikutana kwenye ngazi aliniuliza narudi lini kwetu. Nilikuwa nikicheka. Lakini swali lile nililijua tangu utoto, maana hapa hapa Mpanda, mimi niliyezaliwa Mpanda, wenzangu shuleni walinifuata wakiimba nirudi Burundi. Sasa msomi mzima, aliyekula chakula cha shangazi yangu, anasema jambo lile lile kwa Kiingereza kizuri, na analiita utafiti!

Nikampigia simu Shangazi, nikamsomea yote kwa Kirundi.

"Nilimkaribisha huyo mtu," akasema. "Akala kwangu. Sasa ananifukuza kwangu? Mwambie arudishe maneno yangu."

Alikuwa na haki. Mtu aliyehojiwa anaweza kuyaondoa maneno yake. Profesa mwenyewe ndiye aliyemweleza hivyo pale uani, kwa kinywa changu. Nikamwandikia kwamba Daforoza amejitoa, na jina langu pia liondoke.

Akaniita. "Nani atakusimamia baada ya hapa? Fikiria vizuri."

"Nimeshafikiria," nikasema.

Aliyaondoa maneno, na mimi akaniondoa vile vile. Baridi yote ile nilikaa bila msimamizi. Walimu wengine walinipita kwenye korido wakiangalia simu zao, hakuna aliyetaka ugomvi wa mwenzake. Nilimlilia Shangazi kwenye simu, naye akanijibu, "Kama wamekushinda rudi nyumbani, mahindi yapo." Mwishowe mwalimu mmoja wa isimu, mama mkali asiyecheka, alinichukua. Nilimaliza nikiwa nimechelewa sana nyuma ya wenzangu, lakini nilimaliza.

Profesa hakuniomba radhi, wala hakumwomba Shangazi. Nasikia mpaka leo anaitwa kwenye makongamano kueleza watu wa Litapunga wanahisi nini. Shangazi tulimzika juzi juzi, na msibani wengi walimlilia kwa Kirundi, mahubiri yakawa kwa Kiswahili, wala hakuna aliyeuliza kwao ni wapi.

Basi sikia, mwanangu. Huko uendako watakisifu Kiingereza chako, kisha watakukabidhi watu wa kwenu uwatafsiri. Sema alichosema mtu. Usikipunguze, usikitie sukari ili wakubwa wakipende. Ukikuta kimegeuzwa, ongea siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka, na umpigie simu mwenyewe umsomee kwa lugha anayoielewa. Inaweza kukugharimu, mimi sitakudanganya. Na usije ukadhani ubaya huu uko Ulaya peke yake. Ukiwa hapa mtaani kwetu Shanwe, dukani au ofisini, ukamsikia mtu anamwita raia mwenzake mkimbizi, mkatize hapo hapo, awe ndugu yako, awe bosi wako.

Mungu akutangulie safarini. Akupe joto kwenye baridi ile, na marafiki wa kweli, na walimu wenye haya. Na siku utakaporudi, wazee waliokujibu maswali wakuone kwa mbali unakuja, wakutolee kiti.