Maswali ya Mama Blandine kwa Mtu wa Parapenti

Dada yangu Blandine anafundisha kushona hapa Kalemie, nami nauza uzi na vifungo katika chumba hichohicho, kwa hiyo kila neno nalisikia, nikitaka nisitake. Kwake hupati brevet, cheti cha ufundi, mpaka ukate peke yako gauni atakalovaa yeye kanisani siku ya kuitoa. Sheria nzuri, ila mwenye sheria ana kiherehere: mwanafunzi akigusa kitambaa cha gauni hilo, dada anamnyang'anya makasi. Evodie, mama wa watoto wawili, alikuwa mwaka wa tatu, na brevet yake ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili. Bila brevet hakuna atelie ya mafundi ya kumpokea.

Siku moja akaja Urbain, mzaliwa wa Kongolo, ametoka kuruka kwenye milima ya Kirungu kwa parapenti, lile bawa la kitambaa linalobeba mtu bila mota. Mfuko wake wa kubebea bawa ulikuwa umechanika. Dada akataka kushona hata mikanda ya kiti anachokalia angani.

"Hapana, Mama. Mufuko tu. Mikanda inashonwaka na wenye ruhusa."

Hapo ndipo alipojitia matatani. Dada hawezi kusikia neno ruhusa akanyamaza.

"Na wewe, nani alikupatia ruhusa ya kuruka?"

Urbain akaeleza kwamba alijifunzia ng'ambo, na alianza na planeri, ndege yenye mabawa marefu isiyo na mota. Huko kuna daktari wa kukupima, mtihani, na leseni ya serikali. Parapenti, sehemu nyingi, cheti kinatolewa na chama cha warukaji wenyewe.

"Na mwalimu anakaaka wapi?"

"Kwa planeri anakaaka nyuma yako, iko na usukani wake. Ukikosea, anashika. Munaruka pamoja mara makumi, kisha siku moja anashuka, anakuacha."

"Na kwa parapenti?"

"Unaanza kwa kukimbia na bawa kwenye kilima kidogo. Siku ya kuruka uko peke yako juu, mwalimu iko chini na redio."

"Mikono yake haikufikie?"

"Haifike, Mama. Njo kusema tu kwa redio."

Dada aliacha cherehani. Akauliza, kati ya mwanafunzi wa planeri na wa parapenti, yupi anaiva haraka, yupi anaanguka zaidi, mwalimu gani anazeeka mapema. Urbain alicheka, lakini dada hakucheka. Evodie alikuwa anapiga pasi.

Kesho yake dada alitandika mezani kitambaa cha gauni lake, akampa Evodie makasi, akavuka barabara, akakaa kwa Papa Dédé, fundi baiskeli. Kutoka pale unaona meza lakini huifikii. Evodie aliweka karatasi ya kukatia mkono wa pili bila kuigeuza, upande uleule kama ya mkono wa kwanza. Gauni lingekuwa na mikono miwili ya kushoto!

"Evodie! Mukono!" dada alipiga kelele mpaka Papa Dédé akaangusha spana.

"Naona, Mama. Nilikuwa napima tu."

Akaigeuza karatasi, akakata, makasi yakitembea bila kusita. Dada akarudi, akapima kila kipande mara mbili. Hakupata kosa, na niliona jambo hilo lilivyomuuma.

"Tangu lini unajua kukata hivi?"

"Tangu mwaka jana, Mama."

Dada akakaa kwenye benchi langu, akaniambia polepole kwamba amemwibia mtoto wa watu mwaka mzima.